Kipa wa Pili wa Lupanga

Siku Mjomba Mwinshehe alipoteremka kutoka Kinole kuja kumwona Shukuru akidaka, alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu yake. Alikuja na dada yake Semeni, mama mzazi wa Shukuru, pamoja na jamaa wengine wa ukoo waliotosha kujaza gari la kukodi lililozoea kubeba ndizi. Asubuhi ile redio ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba Anselmi, kipa namba moja wa Lupanga FC, ana homa, na kwamba huenda golini akakaa Shukuru. Kule mlimani neno "huenda" halikumfikia mtu. Walichosikia ni jina la mtoto wao.

Waliingia Uwanja wa Jamhuri mapema, wakakaa upande wa jua, wachezaji walipokuwa ndiyo kwanza wanapasha misuli. Shukuru aliwaona. Alidaka kila mpira uliopigwa, wa juu na wa chini, na kila alipodaka mama yake alipiga kigelegele kana kwamba mechi imeshaanza. Kisha Anselmi akatoka chumba cha kubadilishia nguo, amevaa jezi ya njano, macho mekundu lakini hatua zake nyepesi. Homa ilikuwa imeshuka. Shukuru akavaa kizibao cha wachezaji wa akiba, akaenda kukaa benchi, na hakuthubutu tena kutazama upande ule wa jua.

Lupanga walishinda. Jamaa zake walimsubiri nje ya geti, wakiwa wamesimama karibu karibu kama watu walioshuka kituo kisicho chao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa. Mmeshinda, hongereni." Mjomba Mwinshehe akafuta jasho shingoni. "Mimi si mtu wa mpira. Nieleze nielewe. Kazi yako pale ni nini hasa?"

"Kipa, mjomba."

"Kipa ni yule wa jezi ya njano."

"Mimi ni kipa wa pili."

"Wa pili anaingia lini?"

"Wa kwanza akishindwa."

"Na yule hashindwi?"

Shukuru akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi kama vilivyotoka kabatini. "Hashindwi," akasema.

Mjomba hakumcheka. Alimwekea mkono begani, akamwambia Mungu amsaidie, kwa sauti ile ile ambayo watu humwambia mgonjwa aliyeugua muda mrefu. Mama yake akampa mfuko wa machungwa aliyokuwa ameyaleta kwa ajili ya sherehe. Wakapanda gari lao, wakaondoka kabla mvua haijaharibu barabara.

*

Shukuru hakuwa kipa mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza. Yeye ndiye aliyekuwa golini Lupanga walipopanda daraja, enzi ambazo timu ilikuwa ikifanyia mazoezi uwanja wa shule na jezi zikifuliwa na wachezaji wenyewe. Watu wa Morogoro walimjua. Akipita sokoni aliitwa "Ukuta", na wauza nazi walimwongezea moja juu.

Halafu klabu ikanunuliwa na Abeid, mwenye viwanda kule Kihonda, mtu mnene mwenye haraka ambaye siku ya kwanza alisimama mbele ya mashabiki akasema anataka ubingwa wa ligi kuu uje Morogoro naye akiwa hai. Watu walidhani ataleta mastaa kutoka nje. Badala yake alimleta Sufiani, kocha mkimya kutoka Tanga, ambaye jambo la kwanza kuomba lilikuwa mpishi. La pili lilikuwa nyumba ya kambi yenye ukuta. La tatu lilikuwa kwamba mtu yeyote asimpigie simu kumwambia nani apangwe, hata Abeid mwenyewe.

Sufiani aliwaacha wachezaji watatu waliopendwa kuliko wote, mji mzima ukamtukana. Aliwapandisha waliobaki njia ya Morningside, mlimani, mpaka wakatapika kwenye migomba ya watu. Aliwafundisha mabeki kusogea pamoja kwa kuwafunga kamba kiunoni, mmoja kwa mwenzake, wiki nyingi, hadi ilipofunguliwa wakaendelea kusogea kana kwamba bado ipo. Na kwa kila namba uwanjani alisajili watu wawili, akataka wa pili akaribie kumfikia wa kwanza.

"Wa pili akiwa dhaifu," aliwaambia, "wa kwanza analala."

Golini alimleta Anselmi, kijana wa Mahenge mwenye mikono mirefu na usingizi mwingi. Siku Shukuru alipomwona akiruka kwa mara ya kwanza, alijua. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Kuna mambo ambayo kipa huyajua kwa kipa mwenzake, kama fundi seremala anavyojua mbao kwa kuigonga. Kijana yule alikuwa na kitu ambacho Shukuru hangekipata hata angefanya mazoezi mpaka kiama.

Basi Shukuru akawa wa pili, na msimu ule ulikuwa wake wa tatu kusugua benchi.

Lakini kukaa benchi ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Kambini walilazwa chumba kimoja, na yeye ndiye aliyemwamsha Anselmi alfajiri. Uwanjani Mazimbu, walikokuwa wakifanyia mazoezi, wenzao walipokwenda kunywa maji, yeye alibaki naye, akimpigia krosi na kumgombania mipira ya juu, akimsukuma kwa kiwiko, mpaka kijana akasirike na kuruka inavyopasa. Usiku wa kuamkia mechi alimweleza wapigaji wa penalti wa timu pinzani, mmoja mmoja, nani hutazama kulia akapiga kushoto. Na kwenye mechi za mazoezi, kikosi cha kwanza dhidi ya akiba, Shukuru alidaka kama mwendawazimu. Hakutaka kufungwa hata moja. Kila alipookoa, Anselmi kule upande wa pili alijinyoosha na kujiweka sawa.

Anselmi alimwita kaka. Alimpenda kweli, bila unafiki, na hakujua kabisa kwamba anapolala na kukoroma, mwenzake wa kitanda cha pili analala macho akitamani avunjike kidole. Si mkono. Kidole tu.

*

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, alikuja mtu kutoka bonde la Kilombero. Aliitwa Leonard, katibu wa Sanje Rangers, timu ya daraja la kwanza iliyokuwa inajitahidi kutoshuka. Walikutana nyumbani kwa Shukuru, Kihonda, siku ya mapumziko. Mwanvita, mke wa Shukuru, aliwatengea chai na vitumbua, akakaa nao bila kuficha kwamba anasikiliza.

"Kaka, sisi hatuna kambi ya maana," Leonard alisema. "Uwanja wetu una majani upande mmoja, upande mwingine vumbi. Mashabiki wetu ni wakata miwa, tukifungwa wanatukana mpaka bibi zako. Nakuambia ukweli usije ukanilaumu. Lakini golini utakaa wewe, kila wiki."

Shukuru alihisi kitu kikipanda kifuani, kitu ambacho alikuwa amekisahau. Alimtazama Mwanvita.

"Unamtazama nani?" Mwanvita akasema. "Mimi kila Jumapili napokea mume aliyetoka rumande. Nenda kawaambie wakuachie."

Alikwenda. Mwenyekiti Abeid alimpokea akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye simu, akamwambia mambo ya wachezaji ni ya kocha. Alimkuta kocha Mazimbu, akikusanya mipira mwenyewe na kuitia kwenye wavu.

"Mwalimu, Sanje wananihitaji."

"Najua. Wamenipigia."

"Naomba uniachie."

Sufiani alifunga wavu wa mipira taratibu, akakaa juu yake. "Siwezi."

"Mwalimu, hunichezeshi. Umri unakwenda. Nikimaliza mkataba huu hapa, nani tena atamtaka kipa ambaye hajadaka miaka mitatu?"

"Nalijua hilo pia."

"Sasa kwa nini?"

"Anselmi ana kipaji na hana woga," Sufiani alisema. "Kipa asiye na woga anazembea, na akizembea anafungwa. Woga wake ni wewe. Siku ukiondoka, nitabaki na kijana mwenye mikono mirefu anayeamka saa nne. Nimetafuta mtu wa kukaa mahali pako, Shukuru, usidhani sijatafuta. Makipa wazuri wanataka kucheza, na wasiotaka kucheza si wazuri. Wewe ni mzuri na umekaa."

"Nimekaa kwa sababu nimefungwa na mkataba."

"Hata hivyo umekaa," kocha akasema, si kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Shukuru alirudi kambini kwa miguu. Geti lilifungwa nyuma yake na mlinzi akamtakia jioni njema. Chumbani Anselmi alikuwa amelala chali, simu kifuani, akicheka video. "Kaka," akasema, "kesho uniamshe mapema, eeh?"

Dirisha likafungwa. Leonard akampigia kusema wamepata kipa mwingine kwa muda, na kwamba anasikitika.

*

Wazo halikumjia lote mara moja. Lilianza asubuhi moja alipochelewa kuamka, kwa uchovu wa kweli, na alipofungua macho akamwona Anselmi bado amelala. Angemgusa mguu kama kawaida. Hakumgusa. Wote wawili walichelewa mazoezi, wakapigishwa raundi za adhabu, na Anselmi akaona ni jambo la kuchekesha.

Siku iliyofuata wenzao walipokwenda kunywa maji, Shukuru naye akaenda kunywa maji. Anselmi alimtazama, akangoja, kisha akamfuata. Kwenye mechi ya mazoezi Shukuru aliachia mpira mmoja upite chini ya mkono, halafu mwingine. Hakuna aliyeweza kusema amefanya kusudi. Kila kipa ana wiki mbaya. Kule upande wa pili Anselmi alisimama ameegemea nguzo ya goli, anapiga soga na beki.

Na usiku wa kuamkia mechi, kijana alipouliza, "Hawa wapigaji wao vipi?" Shukuru alisema hawa wako mkiani, hawana lolote. Akageukia ukutani.

Ilikuwa wiki moja tu. Wala hakufanya kosa ambalo sheria yoyote ya mpira inaliita kosa. Aliacha tu kufanya yale ambayo mkataba wake haukuyataja.

Timu ile ya mkiani ilikuja Jamhuri ikawafunga Lupanga mabao mawili kwa bila. La kwanza lilikuwa krosi ya kawaida, Anselmi akatoka, akasita, akawa njiani mpira ulipompita juu ya kichwa. La pili lilikuwa penalti, naye akaruka upande usio wa mpira. Shukuru aliyatazama yote akiwa benchi, mikono ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Alikuwa ametarajia furaha. Alichohisi kilikuwa kama kumwona mtu anaanguka kwenye ngazi ambayo yeye ndiye aliyeilegeza.

Mji uliwaka. Redio ya mjini ilifungua simu, watu wakapiga mchana kutwa kumtukana Anselmi. Mkewe, Pendo, alikwenda sokoni na mtoto mgongoni, muuza nyanya akamwambia aende kwanza akawarudishie pointi zao ndipo aje kununua. Mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yao neno ambalo Pendo alilifuta bila kumwambia mumewe, lakini mume alilipata kwa majirani.

Kambini, Anselmi hakucheka tena. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ile mirefu ikining'inia.

"Kaka, wewe ndiye unayeniona kila siku kuliko mtu yeyote. Niambie. Nimekosea wapi?"

Shukuru angeweza kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Ulisita," akasema. "Kipa akitoka, asisite."

"Kwa nini nilisita?"

"Sijui."

"Kesho twende tukafanye krosi, sisi wawili. Tafadhali."

Na alipolala, hakukoroma.

*

Kocha Sufiani alimwita siku ya pili. Alimchukua kwenye gari lake mpaka Bigwa, barabara inapoanza kupanda mlima, akaegesha mahali penye kivuli. Hakuzima injini.

"Umenionyesha kitu ambacho nilikuwa nakijua," alisema, "ila sikutaka wewe ukijue: kwamba unaweza kumwangusha bila hata kuondoka."

Shukuru alitazama mawingu yalivyoshuka juu ya mlima wa Lupanga mpaka kilele kikatoweka.

"Sitakushtaki kwa Mwenyekiti. Nimshtakie nini? Kwamba ulikunywa maji?" Kocha aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. "Nilikuwa kama wewe. Nilikaa benchi la timu ya taifa mpaka magoti yakaisha. Kwa hiyo sikuambii uvumilie, kwa sababu nami moyoni sikuvumilia. Nakupa biashara. Tukichukua ubingwa, nitakuachia. Mwaka wako uliobaki nitaufuta, hata kama Mwenyekiti atanuna. Tusipochukua, utabaki, na mimi nitakuwa nimefukuzwa, na atakayekuja hatakujua."

"Kwa hiyo ili nitoke," Shukuru alisema polepole, "inabidi nimfanye Anselmi asishindwe kabisa."

"Ndiyo."

"Kila ninavyofanya kazi vizuri, ndivyo ninavyozidi kukaa."

"Mpaka mwisho wa msimu. Ndiyo."

Shukuru aliomba ashuke pale pale. Alitembea kurudi, na njia nzima alitafuta upenyo katika maneno yale, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Akisusa, wanakosa ubingwa, anabaki. Akijituma, Anselmi anang'ara, anabaki vilevile, lakini kwa muda. Mlango ulikuwepo mmoja, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mikono mirefu iliyotegemea yeye aiamshe alfajiri.

Akaiamsha.

Miezi iliyofuata alifanya kazi kuliko wakati wowote maishani mwake. Mvua za masika zilipogeuza uwanja wa Mazimbu kuwa tope, wao wawili walibaki kwenye tope. Alimpigia Anselmi mipira mpaka msuli wa paja ukauma. Alitazama mechi za wapinzani kwenye simu mpaka macho yakawasha. Kule benchi alibuni lugha ya ishara: akigusa goti la kushoto, kushoto, la kulia, kulia. Lupanga wakaenda mechi baada ya mechi bila kufungwa, na magazeti ya Dar yakaanza kuandika juu ya kijana wa Mahenge na mikono yake. Jina la Shukuru liliandikwa chini kabisa, kwenye orodha ya waliokuwa akiba. Wakati mwingine walilikosea.

Mwanvita alimwambia siku moja akiwa anamkanda paja kwa maji ya moto, "Umekonda. Unamjenga mwenzio kwa nyama yako."

"Ikiisha ligi natoka."

"Ukitoka utakuwa umebaki nini?"

Shukuru alifumba macho akaacha maji yafanye kazi.

*

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Kimbunga ya Dar, waliokuwa nyuma yao kwa pointi chache. Sare ingewatosha Lupanga. Watu walijaa mpaka juu ya kuta na kwenye miti ya nje, na wale waliokosa nafasi walisimama barabarani wakisikiliza kelele za waliopata. Mpaka jioni ilikuwa bao moja kwa moja, mabeki wa Lupanga wakisogea pamoja kama siku zile za kamba. Kisha, dakika za nyongeza zikiwa zinaelekea ukingoni, mpira ukamgonga beki mkononi ndani ya boksi, na mwamuzi akaonyesha penalti.

Mpigaji wa Kimbunga aliweka mpira chini. Anselmi alisimama katikati ya goli, akageuza uso kuelekea benchi.

Shukuru alikuwa ameshasimama. Alimjua mpigaji yule kuliko alivyowajua ndugu zake. Alijua kwamba akivuta soksi kabla ya kupiga, anapeleka kulia kwa kipa. Jamaa aliinama, akavuta soksi.

Kwa muda mfupi sana, Shukuru aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Goti lingine lilikuwa pale pale, karibu. Hakuna mtu duniani angejua. Na papo hapo akaona kwamba hata hilo hana uhuru nalo. Akilishika goti lile, hatoki. Hapo ndipo alipoelewa kwamba amezungukwa pande zote. Akagusa goti la kulia.

Anselmi akaruka kulia kama mtu aliyeambiwa na malaika. Mpira ukampiga viganjani, ukapaa juu ya mwamba. Kona ikapigwa, ikaondolewa, filimbi ikalia, na Morogoro yote ikaingia uwanjani.

Shukuru alikimbia pamoja na wengine. Alilia, alimkumbatia mtu asiyemjua, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Anselmi alibebwa juu, naye Shukuru alikuwa mmoja wa waliombeba, bega lake likiwa chini ya paja la kijana. Na katikati ya yote hayo akagundua kwamba anafurahi kweli. Hakuwa anaigiza. Kilimtisha kitu kile kuliko miaka mitatu ya benchi. Aliona wazi jinsi mtu anavyoweza kukaa humo mpaka uzee, akiwa ameridhika.

*

Sufiani alitimiza neno lake. Alimwita nyumbani kwake, akamwambia mkataba umefutwa na Mwenyekiti amenuna. Mifuko ilikuwa imeshafungwa mlangoni.

"Mimi nakwenda Kimbunga," kocha alisema. "Wamenichukua. Anselmi naye wamemchukua. Na nimewaambia siendi bila wewe."

"Kukaa wapi?"

Kocha hakujifanya hakuelewa. "Unajua wapi. Lakini ni Dar, Shukuru. Mtacheza Afrika. Mkeo atapata nyumba nzuri. Hakuna benchi la heshima kuliko lile nchi hii."

Jioni Anselmi alikuja mwenyewe Kihonda, na Pendo na mtoto. Alileta nyama. Hakukaa hata kitini vizuri. "Kaka, mimi nimewaambia vilevile. Bila wewe mimi nani? Nilidaka ile penalti kwa goti lako. Nikienda peke yangu nitaumbuka mbele ya Dar nzima." Alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi. "Usiniache."

Shukuru alimtazama kijana yule ambaye alimchukia usiku mwingi na kumlea mchana wote. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha sasa. Hakukuwa na mkataba wala geti. Na bado alihisi ukuta ule ule ukimkaribia, safari hii umepakwa rangi nzuri, na nyuma yake kuna watu wanaompenda. Angesema ndiyo na kila mtu chumbani angefurahi. Mwanvita alikuwa amesimama mlangoni.

"Anselmi," akasema, "ile wiki tuliyofungwa mawili. Nilikuacha kusudi. Sikukuamsha, sikukupigia krosi, sikukuambia wapigaji. Nilitaka ushindwe nipate kucheza."

Pendo akaweka mtoto chini. Anselmi hakuutoa mkono wake mara moja. Aliutoa polepole.

"Walimwandikia mke wangu ukutani," alisema.

"Najua."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Ili uende bila kunitaka. Nikija na wewe, siku moja nitafanya tena."

Waliondoka bila kumaliza chai. Ile nyama ilibaki mezani, na Mwanvita hakuipika mpaka kesho yake.

Kwa siri, Shukuru alitarajia kusikia kwamba Anselmi ameanguka kule Dar. Hakuanguka. Walimpatia kipa mwingine wa pili, mzee wa Tabora aliyejua kazi, na kijana akaendelea kupaa. Habari ile ilimuuma siku nzima, kisha ikamwachia wepesi fulani ambao hakuutegemea.

Sanje Rangers walikuwa wamenusurika kushuka kwa tundu la sindano, na kipa wao wa muda alikuwa ameshaondoka. Leonard aliposikia sauti ya Shukuru kwenye simu alidhani ni mzaha. Mwanvita akafunga vyombo, wakaenda bondeni, kwenye joto na harufu ya miwa inayochemshwa.

Mechi ya kwanza ilichezwa mvua ikinyesha. Upande wa goli lake ndio ule usio na majani. Mabeki aliopewa hawakuwahi kufungwa kamba na mtu. Kila mmoja alikwenda alikotaka. Mapema tu wapinzani walipata kona. Shukuru alitoka kuufuata mpira, akauona vizuri, akanyoosha mikono, na mikono ile iliyokaa miaka mitatu ikafika imechelewa kidogo. Mtu akapiga kichwa. Akasikia wavu ukitikisika nyuma yake.

Wakata miwa wakaanza. Walimtukana yeye, wakamtukana aliyemsajili, wakauliza kama huyu ndiye bingwa waliyeletewa. Mmoja alimtaja bibi yake, kama alivyoahidiwa.

Shukuru aliinuka kwenye tope. Matope yalikuwa kifuani, kwenye nywele, ndani ya glovu. Akageuka, akaingia golini, akaokota mpira na kuukumbatia kidogo. Safari hii aliyefungwa bao alikuwa yeye mwenyewe, si kipa mwingine aliyemtazama kutoka benchi. Akaurusha mpira katikati ya uwanja, akawageukia mabeki wake na kuwaita kwa majina, kwa sauti kubwa, wasogee karibu.